Maua Hayaliwi

Sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna tabia moja. Tukitaka kuonyesha kwamba mhusika wetu ana huzuni, tunamwekea ua dirishani, halafu ua lenyewe tunalinyausha. Basi, tumemaliza kazi, tunafungua aya nyingine. Nimesoma miswada ya wenzangu na madaftari yangu mwenyewe, na sijaona mahali ambapo mwandishi amesema ua lile lilinyaushwa na nini. Lilikosa maji? Lilitiwa mbolea ikazidi? Kopo halikuwa na tundu chini? Ndugu msomaji, haya ni mambo matatu tofauti kabisa, na kila moja lina alama yake kwenye jani. Mtu aliyekufa kwa njaa na mtu aliyezama ziwani hawafanani, hata kama wote ni maiti.

Mimi naishi Shishiyu, mkoani Simiyu, kwa wazazi wangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, nikarudi nyumbani na kaunta buku tatu za riwaya ambayo mpaka leo haijapata jina. Kwetu ni ng'ombe, pamba, mahindi, mtama, viazi vitamu na dengu. Maua si zao. Baba yangu ana sentensi yake moja tu juu ya habari hii: "Maua hayaliwi." Akishaisema anarudi kwenye redio yake, na wewe unabaki umesimama na jagi lako la maji.

Lakini kwenye baraza letu kuna makopo kumi na moja. Mengine ni makopo ya Blue Band na ya maziwa ya unga, moja ni ndoo iliyong'oka mkono, moja ni sufuria iliyotoboka ambayo Mayu (yaani mama, kwa Kisukuma chetu) hakuwa na moyo wa kuitupa. Ndani yake mna alovera mbili, waridi moja lisilopenda kuchanua, yale majani marefu magumu yenye mabaka, jamii ya mkonge, na koliasi za majani mekundu na ya zambarau. Yote ni ya dada yangu mkubwa. Koliasi ya kwanza aliitoa Bariadi, akaipakata kwenye basi mpaka nyumbani kama mtu aliyepakata mtoto wa watu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kopo la Kimbo, na hilo kopo la Kimbo mlitie akilini, kwa sababu ndilo lililotuweka roho juu.

Dada aliondoka mwaka 2022 kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Siku ya kuondoka hakusema maneno mengi. Alinionyesha makopo, akasema, "Mdogo wangu, haya nakuachia wewe, maana Baba atayafungia mbuzi." Vijana wa kijiweni wakapata la kusema. Wakaanza kuniita mama maua. Mimi nikazuga kama sisikii.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila Ijumaa. Halafu simu zikakatika. Wiki ya kwanza tukasema mtandao. Mwezi ulipoisha tukasema labda bosi wake amesafiri naye. Mwezi wa pili hatukusema kitu. Mayu akaanza kuamka mapema, na kabla hata ya kuwaamkia watu ndani ya nyumba alikuwa anatoka barazani kuyatazama makopo, moja moja, huku amefunga khanga kifuani. Siku moja akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, haya yasife." Hakueleza zaidi, na mimi sikuuliza. Nilielewa. Alikuwa amefunga maisha ya mtu aliye ng'ambo kwenye majani ya koliasi, na kazi ya kuyalinda hayo majani nilikuwa nayo mimi. Nani angemwambia mzazi kwamba hiyo ni imani tu? Mwambie wewe.

Sasa, majani yale kweli yalikuwa yanapauka. Yalikuwa na njaa. Udongo wa kopo si sawa na udongo wa shamba. Shambani mzizi ukikosa unaenda mbele, unachimba, unatafuta. Mvua inaleta kidogo, majani yanaoza, wadudu wanakufa, ng'ombe anapita anaacha chake. Kopo ni chumba kilichofungwa mlango. Kilichomo ndicho kilichomo, na kila ukimwagilia, maji yanayotokea chini yanaondoka na sehemu ya chakula. Baada ya mwaka mmoja au miwili ua linakuwa limekaa kwenye kapi tupu. Njaa yenyewe ina namna yake ya kuonekana. Majani ya chini, yale ya kizee, ndiyo yanayogeuka manjano kwanza, kwa sababu ua linawanyang'anya wazee naitrojeni na kuwapelekea watoto juu. Ukiona hivyo jua ni njaa. Lakini ukiona ncha na kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia kama zimepitishwa motoni, hiyo si njaa. Hiyo mara nyingi ni shibe.

Siku niliyokwenda mnadani, mama mmoja jirani alipita kwetu. Ni mtu mwema sana, namheshimu kama mzazi, na alichofanya alikifanya kwa huruma. Aliona majani yamepauka, akaenda kwake, akarudi na ukufi wa yurea iliyobaki kwenye mahindi, akaigawa kwenye makopo mawili na kumwagia maji. Kopo moja lilikuwa lile la Kimbo.

Siku ya tatu koliasi ikainama, na siku ya nne kingo zote zikawa kahawia. Mayu alikaa kwenye kigoda mbele ya kopo, na jioni ile moto wa jikoni niliuwasha mimi.

Hapa naomba nieleze kilichotokea ndani ya kopo, kwa sababu sikulala mpaka nimekijua. Ukikatakata kachumbari ukainyunyizia chumvi, ukaondoka dakika kumi, ukirudi unakuta nini chini ya bakuli? Maji. Yametoka wapi, na wewe hukutia maji? Yametoka ndani ya nyanya na kitunguu, chumvi imeyavuta. Mbolea ya dukani nayo ikiyeyuka inafanya kazi hiyohiyo. Ikiwa nyingi kwenye udongo kidogo, badala ya mzizi kunywa kutoka kwenye udongo, udongo ndio unaokunywa kutoka kwenye mzizi. Ua linakufa kiu huku limesimama kwenye tope. Juu ya hapo, yurea ikishaingia udongoni inageuka amonia, ile harufu inayochoma pua ukipita kwenye zizi lenye mkojo mwingi, na amonia ikizidi ni sumu kwa mizizi. Kwenye shamba ukufi ule ungesambaa. Kwenye kopo ungesambaa uende wapi?

Dawa yake ni maji. Niliyainamisha makopo yote mawili, nikakwangua juu kile kilichokuwa bado hakijayeyuka, nikahakikisha matundu ya chini yako wazi, nikamwagilia mpaka maji yakatiririka chini, nikaacha yachuje, nikarudia tena, na tena. Baba alipita akanitazama navyomaliza ndoo ya maji ya kisima kwa kopo moja. Siku hiyo hata ile sentensi yake hakuisema.

Kopo la pili lilipona. La Kimbo halikupona, lilianza kuoza shina kutoka chini. Lakini kwenye ncha kulikuwa na kipande cha urefu wa kidole, bado laini, bado na rangi. Nikakikata, nikatoa majani ya chini, nikakitia kwenye glasi ya maji dirishani nyuma ya pazia. Koliasi ina moyo wa ajabu. Baada ya wiki mbili hivi ilikuwa na ndevu nyeupe za mizizi.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma mbolea kama ninavyosoma riwaya, kuanzia jalada. Kila mfuko una namba, na watu wengi tunazipita kama namba za gari. Yurea imeandikwa 46, maana yake katika kila kilo 100 mna kilo 46 za naitrojeni na hakuna kingine cha kulisha. Mfuko wa kilo 50 basi una kilo 23. DAP huandikwa 18-46-0. Namba ya kwanza ni naitrojeni, ambayo ni ya majani. Ya pili ni fosifeti, ambayo husaidia mizizi na maua. Ya tatu ni potashi, ambayo huupa mmea nguvu ya kuhimili kiu na maradhi, na hapo ni sifuri. Wale wenye NPK wana zote tatu. Ukishajua kusoma namba hizi huwezi tena kusema "mbolea ni mbolea", kama vile huwezi kusema kitabu ni kitabu.

Na hesabu yake si ngumu. Kijiko cha chai cha yurea, kilichosawazishwa, kina kama gramu nne. Ukikikoroga kwenye ndoo ya lita 20 unapata maji yenye naitrojeni kiasi cha kumi ya gramu moja kwa lita, na hicho kinatosha kabisa ua la kwenye kopo. Kijiko kimoja, ndoo nzima! Sasa pima mwenyewe ule ukufi uliokwenda kwenye makopo mawili. Mimi kila kopo nalipa kikombe kimoja, kila baada ya wiki mbili au tatu, wakati wa mvua na joto tu, na kabla ya hapo nahakikisha udongo una unyevu. Udongo mkavu haulishwi. Ua lililotoka kuhamishwa halilishwi. Ua linaloumwa halilishwi pia, na hili watu wa kwetu hawalikubali, maana sisi mgonjwa tunambembeleza ale.

Tena kuna neno hili la "chakula cha mimea" ambalo lilinipoteza sana. Mbolea si ugali. Ugali wake ua linaupika lenyewe majanini, kwa maji, hewa na mwanga. Mbolea ni chumvi na viungo. Ua lililowekwa ndani kwenye kona ya giza moto wake wa kupikia ni mdogo, kwa hiyo ukilimwagia mbolea unamtilia chumvi mtu ambaye hajainjika chungu. Lisogeze kwanza karibu na mlango.

Kuhusu samadi, nilimwendea babu. Kwetu samadi imejaa zizini mpaka ng'ombe wanazama magoti, lakini wengi wanaiacha palepale. Babu alicheka. Akanikumbusha habari ambayo niliiona shuleni kwa mstari mmoja tu: Waingereza walianzisha mwaka 1947 Mpango wa Maendeleo ya Usukumani, makao yake yakawa Malya, na miongoni mwa amri zake ilikuwa kila mwenye mji abebe samadi kupeleka shambani na alime matuta ya kufunga maji, asiyefanya alipe faini. Babu alikuwa mtoto mdogo, alibeba samadi kwa kikapu kichwani. "Samadi ni nzuri," akasema, "lakini ile ilikuwa ya amri." Nadhani riwaya yangu imo humo kuliko kwenye yale mambo ya mapenzi niliyokuwa nayaandika.

Ile mbichi usitie kwenye kopo, ina moto na mkojo. Mimi nachukua ya chini kabisa ya lundo la zamani, nyeusi, isiyonuka, inayopukutika kama kahawa. Njia nyingine ni kuifunga kwenye kiroba kidogo, kukiloweka kwenye ndoo wiki moja hivi, kisha maji yake unayachanganya na maji mengine mpaka yafanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kinyesi cha mbuzi kilichokauka ni kizuri mno, kinayeyuka polepole. Majivu yana potashi, lakini kidogo sana, kijiko kwa kopo, na si siku moja na yurea, maana majivu yanaifanya naitrojeni ipotee hewani. Wengine humwaga mabaki ya chai yenye sukari. Hayo ni ya siafu.

Udongo nao ni nusu ya mbolea. Wasukuma tuna majina yetu ya udongo, na si ya mapambo. Luseni ni ule wa kichanga. Maji yanapita kama kwenye chujio na mbolea inapita nayo, kwa hiyo kopo la luseni tupu lina njaa daima. Mbuga ni ule mweusi. Unashika chakula vizuri, lakini ukilowa ni ulimbo, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Nimechanganya luseni mafungu mawili, mbuga fungu moja, samadi ya zamani fungu moja. Sijawahi kuona mchanganyiko huu ukiandikwa mahali, ila makopo kumi na moja ndiyo mashahidi wangu.

Dada alipiga simu siku moja usiku, tumeshakaribia mwezi wa tatu wa kimya. Namba ngeni. Alikuwa hai. Nyumba ya kwanza walimnyang'anya simu, akahangaika, mwisho akapata nyumba nyingine. Hayo mengine alimweleza Mayu faragha, na si yangu kuyaandika. Mayu alipomrudisha kwangu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Makopo vipi?"

Nyumba hii mpya ina bibi mmoja aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake ni kile cha kule, laini kama tambi. Ndani, mbali na jua kali la Muscat, ana vyungu vya maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya, na kazi moja ya dada ni kuyatunza. Siku ya kwanza bibi alimwambia, "Haya ya kwenu hayo, mwanangu, ya milima ya Tanga." Dada akadhani ni utani.

Si utani. Mwaka 1892, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona kule na kuyapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akayatolea jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Leo wataalamu wamelihamishia ua hili kwenye kundi la Streptocarpus, lakini Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Ni miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yanayojulikana zaidi duniani. Marekani wapenzi wake wana chama tangu mwaka 1946, na madukani kuna chupa za mbolea zilizobandikwa picha yake. Sisi wenye mlima ni wangapi tunaolijua? Huko kwao misitu inakatwa, na baadhi ya ndugu zake wako hatarini kutoweka.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi linavyokula. Kule Usambara linaota kwenye miamba ya kivulini, kwenye nyufa zenye udongo wa kujaza kiganja tu. Limezoea kidogo. Ndiyo maana bibi anamwambia dada atie mbolea matone machache kwenye maji, amwagilie kwa chini, na mara moja moja apitishe maji matupu kuosha chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, ndiyo ile chumvi. Nilikwenda nikatazama makopo yetu. Ukoko ulikuwepo kwenye mawili.

Nikamtumia dada picha za makopo yote kumi na moja. Koliasi ya kwenye glasi nilikuwa nimekwisha ihamishia kwenye kopo lilelile la Kimbo, kwa udongo mpya. Mvua zilipoanza ilitoa majani manne, kisha sita, mekundu katikati na kingo za kijani, kama yale ya mwanzo.

Mayu akaiinamia asubuhi moja, akaipima kwa macho. Ilikuwa ndogo kuliko anavyoikumbuka.

"Hii ndiyo ile ile aliyokuja nayo kwenye basi?"

"Ndiyo hiyo, Mayu," nikamjibu.

Na sikumdanganya. Tawi lililokatwa si mtoto wa mmea kama mbegu. Ni mwili uleule, umeanza mizizi upya. Nilimweleza hivyo, na habari za ncha niliyoificha nyuma ya pazia nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akaniuliza kama mama jirani naye nimekwisha mweleza ile hesabu ya kijiko. Nikasema bado. Akasema nimweleze taratibu, nisimtie aibu.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, redio sikioni. Mimi nilikuwa nimemaliza kugawa vikombe kumi na kimoja, na ndoo bado ina maji zaidi ya nusu. Bila kugeuka akasema hayo yaliyobaki nisiyamwage ovyo, nikayamwagie ule mpapai wake nyuma ya jiko. Papai, akasema, linaliwa.